Kahawa ya Nyumba ya Chini

Tangu Askofu Silvanus Ackroyd arudi kutoka mkutano wa kigingi, yaani jimbo la Kanisa lao, hakuna kiti kilichomweka. Akiketi mezani aliinuka kabla sahani hazijaondolewa. Akienda zizini alisahau alichofuata. Akishika jembe aliliacha katikati ya tuta na kwenda kuangalia lango la mfereji aliloliangalia muda si mrefu. Watu wa kijiji cha Ephron, waliozoea kumwona askofu wao akitembea polepole kama maksai wa plau, walianza kuulizana kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Kule mkutanoni viongozi waliambiwa jambo moja bila kuzungushwa: kila askofu na kila mshauri wake ashike Neno la Hekima, aache kahawa, chai, tumbaku na pombe, la sivyo ampishe mwingine. Mzee mmoja wa ngazi ya juu ya Kanisa angetoka Salt Lake, penye makao makuu, baada ya watu kumaliza kupika asali ya mtama, ile inayokamuliwa kwenye mabua, apite kata kwa kata, na kuwauliza viongozi mmoja mmoja mbele ya watu wao.

Neno lenyewe halikuwa geni. Lilikuwapo kabla Silvanus hajabatizwa kwenye mto wa baridi kali kule Yorkshire. Lakini kwa miaka yote hiyo lilichukuliwa kama ushauri wa mzazi kwa mtoto aliyekwisha kuoa: unausikia, unaitikia, unaendelea na yako. Wapo wazee aliowasikia wakihubiri dhidi ya tumbaku huku kipande kimewavimbisha shavu. Katika safari ya nyikani ya kuja huku, walipovuta mikokoteni kwa mikono, kahawa ndiyo iliyowainua watu asubuhi wakati unga umekwisha. Na hapa kusini Kanisa lenyewe liliwaita watu wapande mizabibu na kukamua divai. Zaka ya Ephron ililetwa kwa mapipa, na Silvanus ndiye aliyeyagonga kwa kiungo cha kidole kujua kama yamejaa.

Silvanus alikuwa na wake wawili, kama Kanisa lao lilivyoruhusu wakati huo. Mke wake mkubwa, Keturah, alikuwa rais wa Muungano wa Usaidizi wa akina mama. Jioni ileile Silvanus alipoleta habari, Keturah alichukua kopo lake la chai, akatoka nalo nje, akalimwaga kwenye jivu. Chai alianza kuinywa kabla hajajua kusoma, akipewa na mama yake iliyochanganywa na maziwa, na hata nyikani alikuwa na kifurushi chake alichokifunga kiunoni. Kwa majuma mengi baada ya hapo alitembea na kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso, akifua, akikanda mkate, akiongoza mikutano ya akina mama, macho yamemwingia ndani. Asubuhi alikaanga shayiri mpaka iwe nyeusi, akaichemsha, akamwekea mumewe kikombe mezani.

"Kahawa yako hiyo, Bwana Ackroyd," alisema, na wala hakuwa anatania.

Ilikuwa na ladha ya mkate ulioungua. Silvanus aliinywa yote, akashukuru, akavaa kofia, akasema anakwenda nyumba ya chini kumwangalia ng'ombe wa Dorcas.

Ng'ombe wa Dorcas alikuwa mzima kabisa. Dorcas, mke mdogo, aliishi kando ya mto na binti zake wawili, katika nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na mipichi. Alipoona kofia ya mumewe ikija alianza kusaga. Silvanus akifika mlangoni harufu inamkuta, mabega yanamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu aamke anaketi kwenye kiti na kubaki hapo. Walizungumza wakati huo. Dorcas alikuwa mcheshi, akiwaigiza majirani mpaka askofu anafuta machozi kwa kicheko. Kabla ya habari hii ya kuacha kahawa, Silvanus alikuwa akija nyumba ya chini siku ya zamu tu, kama desturi ilivyokuwa, na mara nyingi alikuja amechoka. Sasa alikuja kila asubuhi.

Lakini akitoka pale utulivu uliishia getini. Alitafuna majani ya mnanaa njia nzima. Akimwona mtu mbele alivuka upande wa pili.

Mshauri wake wa kwanza alikuwa Rasmus Toft, Mdenmaki mwenye mikono kama makoleo, ndiye aliyesimamia mfereji. Mafuriko yalipobomoa bwawa, na yalilibomoa karibu kila mwaka, Rasmus ndiye aliyeingia mtoni kwanza. Alitafuna tumbaku tangu alipokuwa baharia, na hakuna mtu Ephron aliyewahi kumwona akificha. Silvanus aliahirisha kumwona mpaka akakosa visingizio. Mwishowe alimkuta kwenye lango la mfereji, magoti yake yamezama kwenye tope, akaanza kumweleza mambo ya kigingi kwa maneno mengi yasiyofika popote.

Rasmus alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Mzee akija ataniuliza kama natafuna?"

"Atakuuliza."

"Basi nitamwambia natafuna. Nimejaribu kuacha, Askofu. Nilikaa majuma mawili mwaka juzi, nikampiga nyumbu wangu, nikamtukana mke wangu, nikalia kama mtoto kwenye shamba la pamba. Sijui kama Mungu alifurahi. Mke wangu hakufurahi, nyumbu ndiyo kabisa."

Silvanus alimwambia kwamba hata kuahidi tu kungetosha kwa sasa.

"Niahidi nini? Zaka yenyewe unaipokea kwa mapipa ya divai." Rasmus alicheka, halafu akaacha kucheka. Alimtazama Silvanus kwa namna ambayo askofu hakuipenda. "Na wewe utamwambia nini?"

"Mimi nimeacha."

"Askofu, mimi pua ninayo. Hapo uliposimama umenuka nyumba ya Dorcas kuanzia kofia mpaka viatu. Sitamwambia mtu. Niondoe kama imeamriwa uniondoe, sina kinyongo. Lakini usije ukaniondoa kwa kinywa hicho kinachonuka kahawa na mimi nimekaa mstari wa mbele nakutazama."

Silvanus aliondoka bila kuaga. Alipanda mpaka shamba la juu, akashuka, akaenda kwenye ghala la zaka, akafungua mlango, akaufunga. Jua lilipoanza kuinama alikuwa ameshakata shauri. Alikwenda nyumba ya chini na kumwambia Dorcas kwamba basi, kahawa imekwisha, asimsagie tena.

Alitarajia Dorcas angefanya mzaha. Dorcas aliendelea kumenya matunda, kisu kikizunguka taratibu.

"Sawa," alisema. "Sasa utakuwa unakuja kwa ajili ya nini?"

Silvanus alijibu kwamba angekuja kama siku zote.

"Siku zote ni zipi? Siku zote zilikuwa ni Jumanne na Ijumaa, unalala, unaondoka. Nimekupata miezi hii mitatu tu, Silvanus, na nimekupata kwa sababu ya birika. Usidhani sijui." Alikusanya maganda kwenye aproni yake. "Nenda. Kitu cha Mungu siwezi kukuzuia."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kichwa kilimgonga kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho. Alikuwa kiguu na njia, Ephron nzima, akitoa amri kisha akizitangua. Kwenye kinu cha mtama, ambako watu walikuwa wakikoroga asali kwenye makarai makubwa, aligombana na kijana mmoja juu ya kuni, na baadaye akarudi kumwomba radhi, na kijana akabaki kumshangaa kwa yote mawili. Alijaribu kusoma maandiko, mistari ikamponyoka. Nyumba ya chini hakwenda kabisa. Alijiambia ni kwa sababu ya kishawishi. Ukweli ni kwamba kila alipolikumbuka lile swali, na sura ya Dorcas akimenya matunda, aliona aibu ambayo haikuhusiana na kahawa hata kidogo.

Asubuhi ya Alhamisi, Mzee akitarajiwa mwisho wa juma, miguu ilimpeleka. Hakuamua. Alikuwa akienda kutengeneza ua, akajikuta getini kwa Dorcas na nyundo mkononi. Dorcas aliitazama ile nyundo, akamhurumia, akasaga. Hakuna aliyecheka asubuhi hiyo. Silvanus alikuwa amefika nusu ya kikombe Keturah alipoingia na bakuli, amekuja kuomba hamira.

Mlango ulikuwa wazi, hakuwa na haja ya kubisha. Aliliona birika, akamwona Dorcas amesimama ameshika kitambaa, akamwona mumewe. Silvanus alianza kuinuka.

"Kaa," Keturah alisema. "Maliza."

Hakuweza kumaliza. Keturah aliweka bakuli mezani, akavuta kiti, akaketi kwa uzito kama mtu aliyetembea kutoka mbali. Dorcas alitaka kueleza kwamba ni leo tu, akaona hiyo si kweli, akakikunja kitambaa.

"Mimi sikulilii kahawa," Keturah alisema mwishowe. "Ungekuja ukaniambia, Keturah, siwezi, ningekupikia mimi mwenyewe. Lakini kila asubuhi umekaa mbele yangu, nimejifunga kichwa kama mgonjwa, ukanywa maji ya shayiri ukasema asante. Nilikuwa najiambia, tuko wawili. Kichwa kikiuma nasema, na chake kinauma. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Silvanus alisema alitaka kumwambia.

"Ulitaka." Keturah alikivuta kikombe karibu yake. Alikiinamia, akavuta harufu ya mvuke na macho yamefumba. Dorcas aliona anakiinua. Kilifika karibu na mdomo. Kisha Keturah alikirudisha mezani kwa uangalifu, asimwage hata tone.

"Nipe hamira, Dorcas," alisema. "Mgeni anakuja, sina mkate."

Dorcas alimpa hamira, na bila kuombwa akavaa shali yake akamfuata ili amsaidie kuoka. Silvanus alibaki peke yake na birika. Alikaa kidogo, halafu hakuweza kukaa.

Mzee Lemuel Pomfret alifika Jumamosi alasiri kwa gari la farasi, mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu nyeupe na kikohozi. Alisifu mkate. Alisali vizuri. Lakini chakula cha jioni kilipokwisha hakukaa kwenye kiti cha heshima alichowekewa karibu na meko. Alizunguka sebule, akagusa saa ya ukutani, akachungulia dirishani, akarudi. Keturah, aliyejua ugonjwa huo, alimtazama kwa makini na kumletea maji ya moto yenye maziwa na sukari. Mzee aliyapokea kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Jumapili Silvanus alitoka kwenda kupasua kuni na kumkuta mgeni wake tayari yuko pale, anapanga upya kuni ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri. Walisalimiana. Mzee aliuliza habari za maji, za pamba, za mapipa ya divai yaliyobaki ghalani, bila kusikiliza majibu.

"Unalala, Askofu?" aliuliza ghafla.

"Si sana, Mzee."

"Mimi silali kabisa. Nimeacha chai tangu masika. Umri huu." Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Kiko nilikitupa motoni nikiwa kijana, siku nilipolisikia Neno hili mara ya kwanza. Nilikitupa kwa vishindo, kila mtu aone. Baada ya juma nilinunua kingine. Nimetupa viko vinne maishani mwangu, na chai nimeihubiri vibaya miaka arobaini ikiwa ndani ya mkoba wangu wa safari. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa wamenituma niwaulize ninyi."

Silvanus alikuwa na shoka mkononi. Hapo ndipo mahali pa kusema, na alijua. Alipasua gogo, akapasua jingine, na Mzee akasema wacha tukajiandae, na nafasi ikapita.

Jumba la mkutano lilijaa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, watoto wakikatwa jicho wasicheke. Baada ya wimbo na sakramenti, Mzee Pomfret alisimama na kusema kwa ufupi alichotumwa kusema, kisha akawataka viongozi wajibu wakiwa wamesimama, kuanzia mshauri wa kwanza.

Rasmus Toft aliinuka. Benchi lililia.

"Ndugu Toft, unashika Neno la Hekima?"

"Pombe siinywi, Mzee. Kahawa mke wangu ameificha na sijaitafuta. Tumbaku natafuna."

"Utaacha?"

"Siwezi kuahidi."

"Leo, siku ya Bwana, umetafuna?"

Rasmus alikunakuna shingo. "Ipo mdomoni sasa hivi, Mzee."

Kicheko kiliripuka, hata wazee wakaziba midomo kwa kofia. Mzee Pomfret mwenyewe aliinamisha kichwa mpaka alipoweza kukiinua. Alimshukuru Ndugu Toft kwa ukweli wake na kwa kazi aliyofanya, na akamwita askofu.

Silvanus alisimama. Alitafuta mahali pa kuweka macho, akaangalia upande wa wanawake, na hapo akawaona Keturah na Dorcas wameketi benchi moja, bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa limeonekana Ephron kwa miaka. Hakuna aliyemkonyeza wala kumkunjia uso. Walikuwa wanasubiri tu, kama wengine.

"Askofu Ackroyd, unashika Neno la Hekima?"

"Nilikunywa kahawa Alhamisi," Silvanus alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Na kabla ya hapo nilikunywa kila asubuhi tangu niliporudi kutoka mkutanoni, na kuwaambia nimeacha. Ndugu Toft alijua, hakunitangaza. Mke wangu aliacha chai yake akidhani tunaacha pamoja, na mimi nilimwacha aumwe peke yake. Yule niliyekwenda kuinywa kwake msimlaumu. Niliyekuwa na wajibu ni mimi." "Kama Ndugu Toft anaondoka, haifai mimi nibaki. Naomba niachiliwe uaskofu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtoto mmoja alidondosha kitu na mama yake akakikanyaga kisiviringike. Mzee Pomfret alishika ukingo wa mimbari kwa mikono miwili.

"Utakunywa tena?"

"Sijui, Mzee. Leo sijanywa."

Mzee alikohoa ndani ya leso mpaka watu wakaanza kusogeasogea. Ilionekana kama atasema jambo refu, jambo lake mwenyewe, kwani alifungua kinywa mara mbili. Alipozungumza alisema tu kwamba yeye pia leo hajanywa, na kwamba hajui zaidi ya hapo. Watu hawakuelewa vizuri alichomaanisha, Silvanus alielewa. Kisha Mzee akawataka watu wapige kura ya shukrani kwa Ndugu Toft, ambaye alikuwa anaachiliwa kwa heshima, na kura ya kumkubali Silvanus Ackroyd aendelee kuwa askofu. Mikono ilipanda yote. Wa Rasmus ulipanda wa kwanza.

Silvanus alijaribu kusema kwamba hilo si haki. Mzee alimwambia kwa sauti ya chini aketi.

Nje, Rasmus alimpiga begani karibu amwangushe. Alikuwa mwepesi kama mtu aliyeshusha gunia, akamwambia askofu kwamba sasa Jumapili atalala mpaka jua lichome, na kwamba mfereji bado ni wake, asithubutu kumpa mtu mwingine. Silvanus alimwonea wivu wazi mchana kweupe.

Aliendelea kuwa askofu. Alikunywa tena mara mbili kabla ya mwaka kuisha, mara moja kwenye mazishi ya Wadenmaki na mara moja bila sababu yoyote, na mara zote mbili alisimama kwenye mkutano wa mfungo, ambapo watu hufunga na kutoa ushuhuda, akakiri. Mara ya pili bibi mmoja wa miaka themanini aliinuka baada yake na kukiri chai, halafu mwanamume mmoja tumbaku, halafu wengine, mpaka mkutano ukachelewa na watu wakaomba, kwa adabu, kwamba askofu mambo hayo awe anayamaliza na Mungu wake nyumbani.

Na tangu Jumatatu iliyofuata ule mkutano wa Mzee, kila asubuhi alikwenda nyumba ya chini. Siku ya kwanza yeye na Dorcas hawakujua la kufanya. Birika lilikuwa juu ya rafu limepinduliwa. Silvanus alikaa, mguu ukawa unatikisika chini ya meza mpaka vijiko vikalia. Alisema habari ya hali ya hewa. Dorcas naye akasema ya kwake. Mwisho Dorcas alichoka kusikiliza vijiko, akamletea kisu, na kiti chenye mguu uliolegea.

"Kama huwezi kutulia," alisema, "fanya kazi basi, huku unanieleza Rasmus alivyosema mbele ya Mzee. Nilikaa nyuma, sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia kila neno. Silvanus alilijua hilo, lakini alivuta kiti karibu, akaanza kumweleza tangu mwanzo.